Fundi Aliyeng'oa Vizibo

Gari la dizeli lilikuwa haliingii uani kwake. Hata lije linasukumwa na watu sita, hata mwenyewe awe karibu kulia. Aliinua tu mkono wenye kitambaa na kuonyesha mbele ya barabara: "Kule. Hapa ni petroli." Ndiyo maana pale Mkolani sote tulimwita Fundi wa Petroli. Wageni waliodhani anauza mafuta walikuwa wakija na madumu yao, naye akiwarudisha kwa upole huku anacheka peke yake.

Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka duka la spea la mjomba wangu, lililotazamana na ua wake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, mjomba akaniambia nikae kaunta kwa muda. Muda huo ukawa miaka, na wala sikuudhika. Duka la spea ni mahali pazuri kwa mtu mwenye ndoto. Nilikuwa nafuta vumbi maboksi, kichwani naendesha gari langu, mara niko njia ya Musoma, mara nimezunguka ziwa mpaka Bukoba, kioo nimeshusha, mtandio unapepea. Fundi akiniita mara ya tatu ndipo nilipokuwa narudi Mkolani.

"Ulikuwa wapi leo?"

"Nilikuwa nakaribia Bunda, Fundi."

"Hujaangalia oili, halafu unakaribia Bunda."

Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache mpaka umguse kwenye injini. Hapo maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika yakaanza kufika Mwanza, mengine juu ya mabehewa ya treni, mengine yameendeshwa njia nzima kutoka Dar na kuingia yakiwa na rangi moja tu, ya vumbi. Zamani mtu akiwa na gari dogo ujue ni mkubwa fulani. Sasa mwalimu akaweza kununua, na mwenye duka, na mfugaji aliyeuza ng'ombe. Fundi aliyasifia magari hayo kama Msukuma anavyomsifia dume lake. "Silinda nne. Ukubwa wa injini, sisi elfu moja na mia tatu. Kabureta moja, haina makuu. Uzito wake mdogo, kwa hiyo haijichoshi. Hii ukiitunza inakuzika."

Kabla ya kufungua boneti alinawa mikono. Si baada, kabla. Alikuwa na beseni lake la plastiki na kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa kamba.

"Wenzako wananawa wakitoka kwenye injini," nilimwambia.

"Wenzangu wanaogopa uchafu wa injini. Mimi naogopa wa kwangu. Mchanga huu wa Mkolani, chembe moja ikiingia kwenye silinda, imeshaanza kula ringi za pistoni."

Lakini baiskeli yake, hiyo aliyoendea kila mahali, mnyororo wake ulikuwa umekauka, na mlio wake uliusikia kabla hujamwona mwenyewe. Nikimwambia aipake oili alikuwa ananitazama kama nimetukana. "Baiskeli haina injini," alisema, na maongezi yakaishia hapo.

Petroli aliipima kwa karatasi. Vituo vya watu binafsi vilikuwa vimeanza, na wenye tamaa walikuwa wakichanganya na mafuta ya taa. Fundi alichana kipande cha daftari, akadondoshea tone moja, akakipepea. Petroli safi hupotea, karatasi inabaki kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa huacha doa, kama karatasi iliyofungiwa vitumbua. Akiona doa, alimpa mwenye gari karatasi ile, akaenda kukaa. Mwenye gari mwenyewe ndiye aliyejua aelekee wapi kugomba.

Na hakukubali mtu awashe gari asubuhi na kuondoka hapohapo. "Iache iamke," ndilo neno lake. Siku moja mfugaji wa Usagara, mtu wa haraka, alilala Mkolani ili awahi mnada, akaja kuchukua gari lake alfajiri. Nilikuwa nafungua duka, nikawasikia.

"Fundi, gali imewaka. Twende."

"Imewaka, haijaamka."

"Sasa niisubili kama mke anayevaa?"

"Mke wako humsubiri?"

"Namsubili nje."

"Basi na hii isubiri nje. Shuka."

Na yule bwana akashuka, akasimama na fimbo yake, akilitazama gari likinguruma kama anayemsubiri mtu kweli.

Nisimsifie tu. Alikuwa na ubaya wake, na ubaya wenyewe ulikuwa mmoja: hakujua kusema nimekosea. Bolti ikikatikia mkononi mwake, alisema, "Imekataa." Gari akilitengeneza likarudi vilevile, alisema, "Tumejaribu." Hilo "tu" sikuwahi kujua ni yeye na nani, maana alifanya kazi peke yake. Mjomba wangu alikuwa akisema, "Huyu akikukanyaga mguu atakuambia mguu ulikuwa njiani." Watu walimvumilia kwa sababu kukosea kwenyewe kulikuwa kwa nadra. Jina lake lilikuwa hilo, kwamba injini haijawahi kumshinda, na jina hilo alilivaa kama watu wengine wanavyovaa saa.

Sasa nieleze kuhusu kizibo.

Juu ya injini, pale bomba kubwa la mpira linapotoka kwenda kwenye rejeta inakopozwa maji, kuna kitu kidogo cha shaba, cha duara, chenye springi katikati. Injini ikiwa baridi, kitu hicho kinakuwa kimeziba njia ya maji. Kwenye boksi kimeandikwa themostati. Mafundi wa kwetu walikiita kizibo. Na ukishakiita kitu kizibo, nani tena atakitaka kwenye njia ya maji, katika nchi yenye jua kama letu na barabara zenye milima? "Hiki ni cha kwao, kule kwenye barafu," walisema wote. Kwa hiyo gari la Kijapani lilipofika, kazi ya kwanza, hata kabla ya kulipangusa vumbi, ilikuwa kung'oa kizibo. Ilikuwa kama kumpokea mgeni koti. Fundi wa Petroli aling'oa zaidi ya wote, kwa sababu yeye ndiye aliyeletewa zaidi ya wote.

Gari moja kati ya hayo lilikuwa la Mama Mwalimu.

Huyu alikuwa akifundisha shule ya msingi Usagara na kukaa Mkolani, mama mnene wa miwani, mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kushika usukani. Mumewe alikuwa amepunguzwa kazini, na kilichopatikana walinunulia gari, saluni nyeupe ya silinda nne. Gari ndilo lililomfikisha kazini, ndilo lililobeba watoto, unga, na wagonjwa wa majirani. Wakiharibikiwa nalo, hawakuwa na jinsi ya kupata jingine. Hilo lilijulikana kwa kila mtu, na Fundi alilijua kuliko wote. Siku lilipofika alilizunguka mara mbili, akang'oa kizibo, akamwambia mbele yetu, "Mwalimu, hili nitalifikisha kilometa laki tatu bila kulifungua injini." Hakuwahi kumwahidi mtu mwingine hivyo.

Mwaka wa kwanza likaenda vizuri. Wa pili likaanza kunywa petroli. Plagi zilitoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Asubuhi lilikuwa likitoa moshi mweusi, baadaye ukageuka wa bluu, na moshi wa bluu hata mimi wa kaunta nilijua maana yake: oili inaungua, ringi zinakwisha. Fundi akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akapima pointi kwa kipande cha boksi la kiberiti, akabadilisha plagi tena. Nilimwona amesimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, mikono misafi inaning'inia, hana pa kuigusisha.

Dukani kwetu kulikuwa na katoni nzima ya vizibo. Mjomba alivinunua kwa jumla, akidhani ni kitu kingine, na hakikuuzwa hata kimoja. Siku hiyo nilikuwa navipangusa, nikaona kwamba kila kimoja kimegongwa namba 82 na kiduara kidogo juu yake. Kiduara hicho nilikikumbuka kutoka shuleni. Ni alama ya nyuzi za joto. Na maji huchemka kwenye nyuzi mia moja, hilo hata aliyefeli analijua.

Fundi akaingia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Plagi nne, za Mama Mwalimu."

"Tena?"

"Nipe plagi, binti."

Nikampa. Lakini swali lilikuwa limeshanikaa mdomoni. "Fundi, hapa kwetu jua linafika nyuzi themanini na mbili?"

"Likifika hapo tutakuwa tumeiva wote."

"Na kule kwao?"

"Kule kwao ndio halifiki kabisa. Kwani vipi?"

"Basi hiki kizibo kinasubiri nini? Kimeandikwa themanini na mbili. Maji ya joto hilo karibu yachemke. Kama ni cha kuwakinga na barafu, mbona hakijaandikwa namba ya baridi?"

Alikichukua mkononi. Akakigeuza. Nilidhani atanicheka, na ningefurahi angecheka, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuaga. Alivuka barabara nacho mpaka kwa mama wa chai aliyekuwa na banda pembeni ya ua wake. Nikamfuata, duka nikaliacha wazi.

"Mama, nipe maji jikoni. Sufuria ndogo."

"Hicho ni cha kwenye gari, Fundi."

"Nimekiosha."

"Wewe umekiosha. Sufuria yangu nitaiosha na nini, petroli?"

Lakini akampa. Fundi akakitumbukiza, akachuchumaa. Maji yakaanza kupata joto. Mama wa chai naye akaacha chapati, akainama. Kabla maji hayajatoa hata povu, kile kifuniko cha shaba kilijiinua polepole, springi ikajibana, njia ikawa wazi. Fundi akakitoa kwa uma. Kikapoa, kikajifunga. Akakirudisha, kikafunguka. Mara tatu, mara nne. Mama wa chai akasema, "Kumbe kina akili."

"Hakizibi," Fundi alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Kinaishika injini mpaka ipate joto lake, ndipo kinafungulia maji. Huu ni mlango."

Alikaa chini kabisa, yeye aliyekuwa hakai kwenye mchanga. Akanieleza kama anayejisomea mashtaka. Injini isiyopata joto lake haiunguzi petroli yote. Inayobaki inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Pistoni inasuguana na chuma kikavu, siku baada ya siku, mpaka ringi zinaisha.

"Nawaambia watu waiache iamke," alisema, "na mimi ndiye niliyeinyang'anya blanketi."

Mama Mwalimu alikuja jioni kuchukua gari. Nilikuwa nimepeleka gasketi, au tuseme nilitafuta gasketi ya kupeleka ili niwepo. Mafundi wawili wa dizeli walikuwa wamekaa kwa mama wa chai. Nilitamani Fundi awasubiri waondoke. Hakuwasubiri.

"Mwalimu, gari lako nimeliharibu mimi."

Mama Mwalimu akavua miwani. "Sema tena."

"Kuna kitu nilikitoa siku ya kwanza. Hakikutakiwa kutoka. Nimekosea."

Neno hilo lilimtoka kwa shida, kama bolti yenye kutu. Kwa mama wa chai kikombe kikawekwa mezani.

"Miaka miwili nakuletea hili gari, unanibadilishia plagi."

"Ndiyo."

"Na injini?"

"Ringi zimekwisha. Lazima niifungue."

"Si uliniambia hutaifungua?"

"Nilikuambia."

Mama Mwalimu alifuta miwani yake kwa upindo wa kitenge, akaifuta tena. "Wanafunzi wangu wakikosea wanasema kalamu mbovu," alisema mwishowe. "Lifungue. Lakini Jumatatu niwe Usagara."

Alilifungua Ijumaa. Jumapili, watu wakitoka kanisani, likawaka. Kazi hiyo hakutaka kulipwa, na Mama Mwalimu alipojaribu alimwambia aende akawahi mahubiri, ingawa mahubiri yalikuwa yamekwisha. Jumatatu saluni nyeupe ilipita mbele ya duka bila moshi wowote.

Ningekuwa mimi, ningeishia hapo. Yeye ndipo alipoanza. Magari yote aliyoyang'oa vizibo aliyakumbuka, kwa rangi, kwa mbonyeo wa bampa, kwa idadi ya watoto waliokuwa kiti cha nyuma. Akaanza kuyafuata moja moja, vizibo vya katoni yetu vikiwa mfukoni, spana mbili kwenye kikapu cha baiskeli. Buhongwa, Nyegezi, Igoma, Misungwi. Wengine walimshukuru. Wengine walimfungia geti. Mmoja alimwambia, "Miaka mitatu natembea bila hicho kitu, leo uniletee gari lichemke?" Fundi akasimama nje ya geti mpaka bwana yule akachoka kumwona.

Mafundi wenzake walipata la kucheka. Walimwita Mzee Milango. Walisema amezeeka, kwamba fundi anayekwenda nyumba kwa nyumba kutangaza alivyokosea amekwisha. Na watu waliwasikiliza. Ua wake ukaanza kuwa mtupu, kukawa na siku nzima bila boneti kufunguliwa. Hilo liliniuma, maana chanzo kilikuwa swali langu. Nilimwambia hivyo.

"Fundi, ningenyamaza ungekuwa na kazi."

"Na Mwalimu angekuwa anatembea kwa miguu." Akachukua kizibo kingine. "Bado saba."

Baadaye yakabaki magari matano. Baadaye matatu. Kisha mjomba akafunga duka, mimi nikahamia Sengerema kwa shangazi kuuza kwenye duka la vitambaa, na nikaacha kusikia habari zake.

Ilipita miaka. Siku moja nilikuwa Kigongo, natoka kumsalimia mama, sisi abiria wa basi tunapanda feri kuvuka kwenda Busisi. Nikasikia mlio wa mnyororo mkavu nyuma yangu. Alikuwa amekonda sana, na jicho moja lilikuwa limeanza ukungu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanitazama kwa jicho zima. "Bukoba umeshafika?"

"Bado. Nimefika Sengerema tu."

"Si haba. Uko njiani."

Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema kwenye gari la mwisho. Saluni ya bluu, mwenyewe aliiuza, aliyenunua naye akaiuza, na sasa alikuwa ameambiwa iko ng'ambo, kando ya ziwa. Tulipofika Busisi nikaacha basi langu liende. Nikashika kikapu, yeye akasukuma baiskeli.

Gari lenyewe halikuwepo tena. Bodi lilikuwa limelala nyuma ya nyumba, kuku wanaingia na kutoka dirishani. Lakini injini ilikuwa hai. Ilikuwa imefungwa juu ya magogo karibu na maji, rejeta yake imeshikiliwa kwa waya, inazungusha pampu, na maji ya ziwa yanapanda kwenye mfereji kuelekea shamba la nyanya. Kijana mwenye shamba alituangalia kwa wasiwasi.

"Mzee, mimi sina gari."

"Najua. Una injini. Petroli inainywaje?"

"Kama watu wa harusini."

"Nipe nusu saa."

"Mzee, hii ikifa na nyanya zangu zimekufa. Sina kitu kingine."

Fundi akamweleza, bila kuficha, nani alitoa nini na kwa nini injini inamnywea petroli. Kijana alisikiliza, akautazama uso ule mkavu, akayatazama matuta yake ya nyanya zilizoanza kuiva, kisha akaizima injini mwenyewe.

Bolti mbili. Macho hayakumsaidia tena, kwa hiyo alizitafuta kwa vidole, na mimi nikamshikia gasketi. Alikipachika, akafunga, akaongeza maji, akamwambia kijana awashe. Halafu akanishika mkono na kuuweka juu ya bomba kubwa la mpira, lile la juu linaloingia kwenye rejeta.

"Niambie."

"Baridi."

"Ngoja."

Pampu ilikuwa inavuta. Maji yalikuwa yanapita miguuni petu. Kijana alisimama upande wa pili, kidole kwenye swichi, anatazama rejeta kama mtu anayesubiri moshi.

"Sasa?"

"Bado baridi, Fundi."

"Itachemka hii," kijana alisema.

"Ngoja."

Kisha joto likaja. Halikuja kidogokidogo, lilipita chini ya kiganja changu kwa mara moja, kama mtu aliyekuwa amesimama nje akaruhusiwa kuingia. Mngurumo nao ukabadilika, ukashuka, ukawa mmoja.

"Limekuja," nilisema.

Kijana aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akaondoa kidole kwenye swichi. "Imetulia," alisema. "Mbona imetulia hivi?"

Fundi aliuweka mkono wake juu ya wangu, na tukauacha pale, wote wawili, mpaka joto likatushinda.